Napokea: stori ya fundi wa saa aliyetuletea kumanifesti

Fungua TikTok usiku wa leo, tafuta video ya yeyote anayekuambia uandike ndoto yako mara 3 asubuhi, mara 6 mchana na mara 9 usiku, halafu shuka kwenye komenti. Utakuta neno moja limejipanga kama foleni ya mat za Githurai saa kumi na mbili jioni. Napokea. Napokea kazi ya dola. Napokea gari jeupe. Kisha Jumapili ingia kanisa la hema, ama lile la orofa ya tatu hapo tao, ungoje mhubiri aseme mwaka huu hautaisha kabla hujahama kwenye plot ya watu. Mikono juu, sauti moja: napokea!

Hawa wawili hawapatani. Wa TikTok anaona wa kanisani amefungwa akili, anapanda mbegu ndio pasta abadilishe gari. Wa kanisani anaona wa TikTok ameingia mambo ya giza, mara chakra, mara jicho la tatu. Lakini ukifuatilia ukoo wao polepole, unafika kwa mzee mmoja. Alikuwa fundi wa saa katika mji mdogo unaoitwa Belfast, jimbo la Maine, kule kaskazini mashariki mwa Marekani. Hakuanzisha kanisa. Hakuchapisha kitabu. Na hakuwahi kumwahidi mtu yeyote gari.

Naandika hii kwa sababu naona watu wa rika letu wakilipia kozi za “masafa ya pesa” bila kujua bidhaa ilitoka wapi, na zaidi ya hapo, bila kujua ni kitu gani kilichotolewa ndani yake ikiwa njiani kuja kwetu. Shika chai.

Inabidi tuanzie Paris. Mwaka 1778 daktari mmoja, Franz Anton Mesmer, alihamia huko kutoka Vienna akiwa na nadharia yake: ati kuna majimaji yasiyoonekana yanayopita ndani ya kila kitu, kuanzia nyota hadi figo lako, na mtu huugua pale yanapoziba. Wagonjwa wake walikaa kuzunguka pipa kubwa lenye vyuma vilivyochomoza, wakashika vile vyuma, muziki laini ukipigwa pembeni. Watu walitetemeka. Wakalia. Wakazirai. Na wengine, hapa ndipo penye utamu, wakarudi nyumbani wakijisikia wamepona. Kama umewahi kuhudhuria usiku wa maombezi, hiyo picha si ngeni kwako.

Mfalme Louis XVI akaunda tume mwaka 1784. Ndani yake alikuwemo Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani kule Ufaransa, na Lavoisier, yule mkemia tuliyemsoma shuleni. Jaribio lao moja nalipenda sana. Kwenye bustani ya nyumba ya Franklin, daktari aliyefundishwa na Mesmer “alitia nguvu” mti mmoja tu. Kisha akaletwa kijana wa miaka kama 12, amefungwa kitambaa machoni, akaambiwa akumbatie miti mmoja baada ya mwingine. Kwenye mti wa kwanza akaanza kutoka jasho. Akaendelea, hali ikizidi. Kwenye mti wa nne akaanguka chini, amezirai kabisa. Na ule mti wenye “nguvu”? Hata hakuwa ameufikia.

Tume ikaandika kwamba majimaji ya Mesmer hayapo, kinachofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe. Wakafunga faili. Mimi hapo ndipo ningelifungua. Umeona mtoto akiangushwa chini na mti wa kawaida kwa sababu tu aliamini, halafu unasema “ni mawazo tu”? Hilo neno “tu” liliacha mlango wazi, na aliyeingia nalo ni fundi wetu wa saa.

Phineas Parkhurst Quimby alizaliwa mwaka 1802. Shule alisoma kidogo, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Akiwa kijana alipatwa na kifua kikuu, na tiba ya siku hizo ilikuwa hatari kama ugonjwa wenyewe. Madaktari walitoa damu wagonjwa kwa makusudi, na walitumia sana kalomeli, dawa iliyotengenezwa kwa zebaki. Quimby aliandika baadaye kwamba alimeza kalomeli nyingi hadi akapoteza meno. Akaachana na daktari. Siku moja akiwa njiani na gari la farasi, farasi akamgomea, na Quimby akiwa hoi kiasi cha kushindwa kutembea. Farasi alipokubali kuondoka, kitu kikampanda kichwani, akamchapa mbio mlima juu mlima chini hadi nyumbani, na alipofika akajikuta ana nguvu za mzima. Hakuelewa. Akaliweka hilo swali kando kwa miaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 Mfaransa aitwaye Charles Poyen alikuwa anazunguka New England akifanya maonyesho ya mambo ya Mesmer, na Quimby akavutiwa. Akampata kijana mmoja, Lucius Burkmar, ambaye alilala kwa urahisi akielekezwa, na akiwa usingizini alidai kuona ndani ya miili ya wagonjwa na kuwatajia dawa. Wakatembea mji hadi mji. Show kali, watu wakajaa. Siku moja Lucius akamwangalia Quimby mwenyewe, ambaye alikuwa na maumivu mgongoni, akamwambia figo lake limebaki likining'inia kwa uzi. Akaweka mkono pale, akasema anaziunganisha sehemu zilizokatika. Maumivu yakaisha.

Mtu mwingine angechapisha mabango makubwa zaidi. Quimby alikaa chini akafikiri kama fundi anayetafuta ni gia gani imekwama. Alishagundua kwamba Lucius mara nyingi alitaja ule ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe alikuwa anauamini, na kwamba dawa ya bei rahisi ilifanya kazi sawa na ile ghali, mradi mgonjwa aipokee kwa imani. Kwa hivyo figo halikuwahi kukatika. Aliambiwa na madaktari kwamba figo limeoza, akaamini, akaumia. Lucius akamwambia limeungana, akaamini, akapona. Quimby akamwacha Lucius, akaacha maonyesho, akaacha kulaza watu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho nataka ukishike. Kuanzia 1859 alifungua ofisi mjini Portland, Maine, na karatasi zake za matangazo zilisema waziwazi kwamba hatoi dawa wala hapaki mtu kitu. Alikaa karibu na mgonjwa, akasikiliza, akamweleza anachohisi na hofu yake ilitoka wapi, na akabishana nayo. Wengi waliomjia walikuwa wameshapita kwa madaktari wote, wakapewa sumu, wakaambiwa wakajiandae kufa. Wanawake hasa, ambao daktari akishindwa kujua shida yao aliwaambia ni neva. Huyu mzee aliwaamini kwamba wanaumia kweli. Alifariki Januari 1866, akiwa na miaka 63, ameacha rundo la maandishi ya mkono ambayo hayakutoka kama kitabu hadi 1921.

Mbona ilifanya kazi? Leo tunajua sehemu ya jibu. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard wakiongozwa na Ted Kaptchuk waliwapa watu wenye shida sugu ya tumbo vidonge visivyo na dawa, na wakawaambia kabisa havina dawa. Bado walijisikia nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Kuangaliwa na mtu, kuelezwa, kuwa na ratiba ya kupona, kunapunguza maumivu, kichefuchefu, uchovu. Hakupunguzi uvimbe wa saratani. Hakuui vijidudu vya TB. Quimby hakuwa na njia ya kujua mpaka uko wapi, na wanafunzi wake hawakutaka kuujua.

Mwanafunzi maarufu kuliko wote ni Mary Baker Eddy, aliyekuja Portland mwaka 1862 akiwa mgonjwa wa miaka mingi. Baada ya Quimby kufa alianza kufundisha mwenyewe, akachapisha Science and Health mwaka 1875, akaunda kanisa la Christian Science mwaka 1879. Yeye alisema ufunuo ulikuwa wake, marafiki wa Quimby wakasema ameiba, na hiyo vita iliendelea hadi watu wakazeeka. Siingii huko. Mimi navutiwa zaidi na mwanamke aliyefukuzwa na Eddy.

Emma Curtis Hopkins alikuwa mhariri wa jarida la Eddy. Mwaka 1885 wakakosana, akaondolewa, akaenda Chicago, akafungua shule yake ya kufundisha uponyaji wa akili. Na mwaka 1889 akawasimika wahitimu wake kuwa wachungaji, wengi wao wanawake. Tulia na hiyo tarehe kidogo. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura kitaifa mwaka 1920. Huyu alikuwa anawasimamisha madhabahuni miaka 31 kabla. Waliotoka mikononi mwake walianzisha makanisa yaliyopo hadi leo: Charles na Myrtle Fillmore wakaanzisha Unity kule Kansas City, na miaka mingi baadaye Ernest Holmes, aliyesoma kwake uzeeni, akaanzisha Religious Science. Vuguvugu lote likaitwa New Thought, Fikra Mpya.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema haya mambo yote ni utapeli tangu mwanzo, nakataa. Mwanamke wa 1889 aliyeambiwa na daktari, mume na mchungaji kwamba mwili wake ni dhaifu na akili yake ni ndogo, halafu anafundishwa kusimama mbele ya kioo na kusema ndani yangu kuna uungu na mimi ni mzima? Hilo lilikuwa na makali. Lilibadilisha watu.

Halafu ikaja pesa.

Karibu mwaka 1900 mabadiliko yanaonekana kwenye majina ya vitabu. Kizazi cha kwanza kiliandika juu ya tiba. Kizazi cha pili kikaandika juu ya mafanikio. Miji ilikuwa inafura, mabenki, makarani, mauzo, kila mtu anataka kuomoka, na mtu aliyehamia Chicago kutoka shambani hakuuliza tena nitaponaje, aliuliza nitapandaje cheo. Mbinu ilikuwa tayari: funga macho, ona unachotaka, kiseme kama kimeshakuwa. Wakabadilisha kinachoombwa tu.

Hapa kuna jamaa anaitwa William Walker Atkinson, na manze, huyu anastahili sinema yake. Mzaliwa wa Baltimore, wakili, akaanguka kiafya na kifedha, akajiinua na Fikra Mpya, akahamia Chicago. Mwaka 1906 alitoa kitabu kuhusu mtetemo wa mawazo, na kwenye kichwa chake akaweka maneno “Law of Attraction”. Ndiyo, hiyo hiyo sheria ya mvutano unayoiona kwenye posti kila siku. Lakini jina moja halikumtosha. Alikuwa pia Yogi Ramacharaka, mwalimu wa Kihindi aliyefundisha Wamarekani kupumua, na ambaye ushahidi wa kwamba aliwahi kuwa mtu tofauti na Atkinson haujawahi kuonekana.

Na The Kybalion? Kile kitabu cha kanuni saba ambacho kila kijana anayeanza kuamka kiroho anakipata kwa PDF kwenye kundi la Telegram, akiamini ni hekima ya mapiramidi ya Misri? Kilitoka Chicago mwaka 1908. Mwandishi amejiita Three Initiates, na watafiti wengi wanakubaliana kwamba nyuma ya pazia ni Atkinson huyo huyo, pengine peke yake. Sisemi ukichome. Kina mawazo ya kuchezea usiku. Ila ukikiita hekima ya Waafrika wa kale, jua unamnukuu wakili wa Kimarekani.

Baada ya hapo mambo yanaenda kasi. Napoleon Hill akatoa Think and Grow Rich mwaka 1937, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Hicho unakijua, hakikosekani kwenye vitabu vya inama hapo tao, karibu na Robert Kiyosaki. Hill alisema siri yote alipewa na tajiri Andrew Carnegie mwaka 1908. Ushahidi wa hicho kikao ni mmoja tu: Hill mwenyewe. Mwaka 1952 mchungaji Norman Vincent Peale akaiingiza kanisani kwa The Power of Positive Thinking. Miongoni mwa waliokulia kwenye mahubiri yake New York ni Donald Trump, na Peale ndiye aliyemfungisha ndoa ya kwanza mwaka 1977. Kule Harlem na Washington Heights, Reverend Ike akawahubiria watu weusi kwamba pesa si dhambi, akiwa amevaa suti ambazo hata wasanii wetu wa Arbantone wangeziogopa. Na Neville Goddard, ambaye klipu za sauti yake zinazunguka sana siku hizi zikiwa na muziki wa kulalia, alikuwa kijana wa Barbados aliyefika New York mwaka 1922, akadai alifundishwa na Myahudi mweusi wa Ethiopia aliyeitwa Abdullah.

Mwaka 2006 mtayarishaji wa televisheni kutoka Australia, Rhonda Byrne, akatoa filamu ya The Secret. Oprah akaipa nafasi mwaka uliofuata. Kitabu chake kikauza zaidi ya nakala milioni 30. Byrne mwenyewe alisimulia kwamba yote ilianza na kitabu kidogo cha mwaka 1910 alichopewa na binti yake akiwa na huzuni. Mwandishi wa hicho kitabu nitarudi kwake, usimsahau.

Sasa tawi la pili, lile la mbegu.

Mwaka 1892 kijana aitwaye Essek William Kenyon alijiunga na chuo cha ufasaha cha Emerson kule Boston, wakati ambapo Boston ilikuwa inachemka na Fikra Mpya. Alikuja kuwa mhubiri, na mafundisho yake yakajengwa juu ya kukiri: unachokitamka kwa imani ndicho unachokimiliki, na anayezidi kutamka ugonjwa anaukaribisha. Wasomi wanabishana vikali hapa. Wengine wanasema Kenyon alichukua Fikra Mpya na kuivisha aya za Biblia. Wengine wanasema hapana, alipambana nayo, na mizizi yake iko kwenye vikundi vya uponyaji vya Kikristo vya wakati huo. Mimi nikisoma pande zote naona mtu aliyekataa jina la jirani yake lakini akajenga nyumba kwa ramani ile ile. Kate Bowler, mwanahistoria aliyeandika Blessed mwaka 2013, naye anaweka Fikra Mpya na Kenyon kwenye mizizi ya injili ya mafanikio.

Kenyon alifariki 1948, lakini Kenneth Hagin wa Oklahoma aliyabeba mafundisho yake, sehemu nyingine neno kwa neno, na mwaka 1974 akafungua chuo cha Biblia pale Tulsa. Katika mji huo huo wa Tulsa, Oral Roberts alikuwa ameshakuza mafundisho ya mbegu ya imani: toa kitu kwanza, kama mkulima, ndio utegemee mavuno. Unaposikia “panda mbegu” kwenye redio saa sita usiku na namba ya till inasomwa mara tatu, hiyo lugha ina anwani, na anwani ni Oklahoma.

Kenya ilifikiwa mapema. Mwaka 1957 mhubiri T. L. Osborn, naye wa Tulsa, naye akikiri wazi kwamba vitabu vya Kenyon vilimfunza, alifanya mkutano mkubwa Mombasa. Mmoja wa waliookoka pale ni Joe Kayo, ambaye baadaye alianzisha Deliverance Church na akawa baba wa wahubiri wengi nchini. Nisieleweke vibaya, simwekei Kayo mdomoni mahubiri ya mbegu, na Wapentekoste si kitu kimoja. Kuna makanisa hapa yanapigana na injili ya mafanikio kuliko mimi. Nasema tu mlango ulikuwa wazi miaka sita kabla ya uhuru.

Aliyeusukuma huo mlango hadi ukutani ni hali ya uchumi. Mwaka 1989, chini ya masharti ya wakopeshaji, serikali ilianza kutoza watu ada katika hospitali za umma. Kazi serikalini zikakauka. Miaka ya 1990 mawimbi ya redio na TV yakafunguliwa. Weka hayo pamoja: mgonjwa asiye na pesa ya hospitali, kijana mwenye digrii na bahasha ya vyeti, na sauti kwenye redio inayosema shida yako inaisha leo, tamka tu. Ni Portland ya Quimby tena, watu walewale waliochoshwa na tiba iliyowaacha. Tofauti ni kwamba Quimby alikaa chini na mtu mmoja mmoja. Redio haikai na mtu.

Na hiyo ndiyo sehemu iliyotolewa kwenye bidhaa. Kile kikao. Ukimtazama fundi wa saa akifanya kazi, nguvu iko kwa mtu wa pili ndani ya chumba, anayesikiliza hofu yako na kubishana nayo hadi ilegee. Ukishaandika mbinu kwenye kitabu, ukaiuza kwa posta, ukaiweka kwenye filamu, ukaikata sekunde 30 za TikTok, mtu wa pili ametoweka. Umebaki wewe na daftari lako. Ikifanikiwa, sifa ni za mbinu. Ikifeli, kosa ni lako: hukuamini vya kutosha, mtetemo wako uko chini, una roho ya umaskini, umezungukwa na watu wa vaibu mbaya. Angalia vile sheria ya TikTok na sheria ya madhabahu zinafika kwenye hukumu moja. Mshtakiwa ni mtu aliyesota.

Tena kuna shida ya kimwili kabisa. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa New York University, amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya kuota ndoto tamu za mchana. Katika kazi aliyoichapisha na Heather Kappes mwaka 2011, watu walioelekezwa kuona picha ya wakati ujao ambapo mambo yote yamekubali walipungukiwa nguvu ya kuufuata. Mwili unapumzika kana kwamba umeshafika. Anachopendekeza ni kuota ndoto, kisha mara hiyo hiyo utaje kizuizi kilicho mbele yako, ukitaje kwa jina.

Utaje kizuizi kwa jina. Hilo ndilo neno ambalo walimu wa kumanifesti wanakukataza, kwa sababu kutaja kizuizi ni “kukivuta”. Sasa kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa kizuizi chenye kurasa, vifungu na asilimia, na vijana wa umri wetu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa lugha za mama zao, wakaenda barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi. Mtu anayeamini kikamilifu kwamba umaskini ni masafa ya akili hana sababu ya kufungua hata ukurasa wa kwanza wa mswada. Bei ya mkate inamhusu nini? Atapandisha vaibu.

Najua utaniambia kwako ilifanya kazi. Uliandika, ukapata internship, ukatoka kwenye depresheni. Nakuamini. Mtu anayejiambia kila asubuhi kwamba anaweza, huamka na kutuma barua ya maombi ya 41, na barua ya 41 wakati mwingine hujibiwa. Daftari likikuamsha, lishike. Mimi ugomvi wangu ni na yule anayekuuzia daftari kwa elfu nne na mia tano, kisha anakuambia uwakwepe marafiki wako waliosota wasikushushe.

Nilisema nitarudi kwa mwandishi wa kile kitabu cha 1910. Anaitwa Wallace Wattles, na kitabu ni The Science of Getting Rich, kitabu kidogo kilichomwasha Rhonda Byrne na kupitia yeye kikazaa nusu ya video unazoziona. Ndani yake anamwambia mfanyakazi kwamba hakuna anayemzuia, afikirie tu kwa njia fulani na mali itakuja. Lakini Wattles aliishi Indiana, kwenye miji ya viwanda, na miaka miwili kabla ya kitabu kutoka, mwaka 1908, alisimama kugombea ubunge wa kitaifa. Tiketi aliyobeba ilikuwa ya chama cha Wasoshalisti, watu waliotaka viwanda na reli vitoke mikononi mwa matajiri wachache na kuwa mali ya umma. Hakushinda. Alifariki mwaka 1911, kitabu chake kikiwa hakijamaliza miaka miwili. Filamu ilipochukua siri yake miaka karibu mia baadaye, ile tiketi haikutajwa.